Mzee Fyuzi Anaiacha Meza ya Umeme

Ijumaa hii, tarehe 28, saa kumi alasiri, fundi wetu mkuu wa umeme wa magari anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika karakana hii. Jina lake kamili liko kwenye faili ofisini. Sisi tunamwita Mzee Fyuzi, na siku hizi hata mkewe akipiga simu anamuulizia kwa jina hilo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye meza moja miaka kumi na sita. Laiti wangenipa kazi nyingine yoyote.

Alianza hapa akiwa muosha vipuri. Kwenye umeme aliingia kwa hasira. Fundi wa wakati ule alikuwa akiviringisha fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Gari linatoka taa zinawaka, baada ya wiki linarudi linanuka moshi. Mzee hakuweza kuvumilia. Kwake, fyuzi ikikatika haijakosea, imefanya kazi yake. Mkosaji yuko kwingine na lazima atafutwe. Aliyethubutu kuchomeka fyuzi kubwa zaidi ili mambo yaende alinuniwa hadi chai ya saa nne, na pengine hata wakati wa chai.

Mapenzi yake yalikuwa kwa magari ya zamani ya dizeli. Gari la aina hiyo likishawaka halijali umeme. Linanguruma tu huku taa, honi na waipa vimekufa, na mwenyewe anajiona yuko salama. Mzee alifungua kisanduku cha fyuzi, akazizungusha moja moja kwa kidole gumba, maana zile za kizamani hushika kutu nchani, na nusu ya wagonjwa walipona hapo hapo. Kwa waliobaki alichomeka taa ndogo mahali pa fyuzi. Taa ikiwaka sana, ujue kuna waya unapiga shoti kwenye bodi ya gari. Ndipo alipozitikisa nyaya kidogo kidogo, bila papara, mpaka taa ififie. Pale mkono ulipofika ndipo penye kosa.

Nyaya zenyewe alizipa ukoo. Ule unaokwenda kwenye bodi ni Mama, kwa kuwa wote hurudi kwake. Wa indiketa ni Shemeji, kwa vile hakomi kukonyeza. Ule mnene wa plagi zinazopasha injini moto asubuhi ni Mama Mkwe: unamsubiri kwanza kwa adabu, ndipo uwashe gari. Basi siku moja nilimpigia simu mteja wetu, mwalimu, nikasema bila kufikiri, "Mama mkwe ameungua, njoo haraka." Mwalimu aliacha darasa, akampitia mkewe, wakafika ukweni wote wawili wanalia. Walimkuta mama wa watu amekaa zake anachambua mchele. Mzee alivaa koti akaenda mwenyewe kuomba radhi, na akarudi amefungiwa kilo mbili za huo mchele. Mimi nilikatazwa kugusa simu mwezi mzima.

Mwezi uliopita meneja alisema wazi kwamba nikishindwa kusimama peke yangu, meza ya umeme itafungwa na magari yatapelekwa kwa mafundi wa nje. Wiki hiyo hiyo likaletwa gari dogo la dizeli lililonizidi umri. Kila mvua ikinyesha, fyuzi ya waipa inakatika. Mzee alilitazama mara moja, akavuta kiti mlangoni, akajimiminia chai. Akasema hilo ni langu.

Siku mbili nililala chini ya dashibodi, miguu nje. Nilimwita kila mara. Alijibu kwa kupuliza chai. Siku ya pili alasiri, taa ikiwa mahali pa fyuzi na kioo kimemwagiwa maji, nilishika waya unaopenya bati la upande wa injini, na taa ikafifia. Mpira wa kuukinga waya kwenye tundu haukuwepo, bati lilikuwa limeula hadi shaba ikaonekana, na maji yalipita hapo hapo. Juu yake kulikuwa na tepu iliyofungwa kwa kurudishwa nyuma. Hakuna anayefunga hivyo ila Mzee. Kosa lilikuwa lake mwenyewe, la miaka mingi.

Nilisita, kisha nikamwambia. Aliingiza kichwa, akapapasa tundu kwa kidole, akasema, "Kumbe nilisahau mpira." Halafu akachukua daftari la kazi akaandika kwa mkono wake, akijitaja yeye: kosa la fundi aliyetangulia.

Waipa zikaanza kupangusa kioo kikavu, na wenzetu wakapiga makofi. Meneja akaitikia kwa kichwa, akarudi ofisini ameridhika. Mimi nililia. Kwa siku mbili nilikuwa na sababu ya kumwita, na nimeipoteza kwa mikono yangu mwenyewe.

Mzee wetu, karakana nzima inakushukuru kwa subira yako, na hata kwa kutununia. Mungu akupe afya, na mkeo afaidi kukaa nawe mchana kutwa, kama tulivyofaidi sisi. Jumatatu asubuhi nitakupigia simu. Usiniulize gari gani limenishinda. Yote yatakuwa yanawaka.