Shuka za Zahanati na Tope la Bwawani

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na ukikaa vibaya nywele za mteja zinakuangukia kwenye kikombe. Wenye benchi ni watatu: kinyozi mwenyewe, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, fundi baiskeli, tunayemwita Spoku kwa wembamba wake, na Dobi, ambaye ni dobi. Kahawa anatuuzia Shemeji, mume wa dada yake Dobi. Zamani alikuwa na bustani ya mboga kando ya bwawa la maji ya mji. Miaka mitatu iliyopita maji yaligeuka kijani, Dobi akapita nyumba kwa nyumba kukusanya saini, bustani ikafungwa kwa sababu ya mbolea. Shemeji hakumnunia mtu. Alinunua birika. Sasa juzi Dobi akaja na furushi la shuka za zahanati. Alizichukua nyeupe, zimetoka na rangi ya tango.

— Muuguzi kanirudishia zote, alisema Dobi. Ananiuliza kama nimezifua kwa majani.

— Bustani si ilifungwa? aliuliza Spoku.

— Ilifungwa. Labda kuna mtu bado analima kimyakimya.

Alisema hivyo akimtazama Shemeji. Shemeji akaendelea kumimina.

— Si kilimo, alisema Redio. Mle bwawani limezama lori la rangi. Kaniambia mteja wangu.

— Mteja gani?

— Yule wa upara.

— Mwenye upara anafuata nini kwako?

— Mazungumzo.

Spoku akatikisa kichwa.

— Lori ni dogo. Lile bwawa halina chini. Limetoboka mpaka upande wa pili wa dunia, na huko maji ni ya kijani tangu zamani. Sisi tunapokea masalio yao.

— Na wao wanapokea yetu?

— Unadhani mgao wa maji unatokana na nini?

Hapo akasimama dada mmoja mwenye mabuti ya mpira, mkononi chupa ya tope jeusi. Alisema yeye ni mpima maji, ametoka bwawani, anaomba kahawa. Dobi akamtandazia shuka.

— Mbolea na sabuni zikiingia bwawani hazipotei, alisema mpima maji. Zinatua chini, tope linazishika. Joto likizidi, maji ya chini yanakosa hewa, tope linaziachia. Vijimea vinashiba, maji yanakuwa kijani.

— Hata bustani ikiwa imefungwa miaka mitatu?

— Hata kumi. Tope linatoa akiba ya zamani.

— Mmesikia, alisema Dobi. Mbolea ya Shemeji.

— Mbolea na sabuni. Tope halichagui.

Mpima maji akaipapasa shuka.

— Kazi hii umeianza lini, kaka?

— Mwaka wa kumi na tano huu.

— Na bomba la mtaa huu?

— Lina miaka minne.

— Kabla ya bomba ulikuwa unafulia wapi?

Redio akazima. Spoku akaanza kuchunguza kucha zake. Dobi aliikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Aliyejibu ni Shemeji, taratibu, bila hasira:

— Kwenye jiwe bapa, chini ya bustani. Tulikuwa tunakutana kila asubuhi, mimi na ndoo ya mbolea, yeye na ndoo ya povu.

Mpima maji alimaliza kahawa, akaenda zake. Dobi akasogea mpaka mwisho wa benchi, akapangusa pale palipobaki wazi.

— Kaa, Shemeji.

Miaka mitatu yote alikuwa akituuzia kahawa amesimama.