Mko Wangapi? Miaka Thelathini na Miwili ya Madam Wilkista Namaemba

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Madam Wilkista Namaemba atakabidhi funguo za ukumbi wa burudani wa wanafunzi, hapa kampasi ya Kitale, baada ya kukitumikia chuo kikuu chetu kwa miaka thelathini na miwili na nusu. Aliajiriwa tarehe mosi Machi 1993, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Amefanya kazi chini ya Wakuu wa Wanafunzi tisa, na wote tisa amewaaga yeye. Sasa ni zamu yake kuagwa.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike kurasa mbili za kuchangamsha. Nitajaribu. Lakini sitajifanya, kwa sababu kwa wiki tatu sasa kuna swali lililonikwama kooni. Mama huyu amewatafutia marafiki maelfu ya vijana. Je, yeye mwenyewe anaondoka hapa kwenda kwa nani?

Alianzia kampasi ya Bungoma kama mfagiaji wa bweni la wasichana. Waliokuwa naye huko wanasimulia kwamba alikuwa akitazama viatu vilivyo mlangoni, akajua papo hapo ni nani ametoka na wenzake na ni nani amejifungia chumbani tangu asubuhi. Huyo aliyejifungia angegongewa mlango na kuombwa amsaidie kubeba ndoo, na ndoo yenyewe haikuwa na maji. Mwaka 1998 akapewa kazi ya kutunza ukumbi wa burudani. Mwaka 2005 akahamishiwa Kitale kwa barua iliyosema ni kwa miezi mitatu tu, hadi atakapopatikana mtu wa kudumu. Mtu huyo bado anatafutwa.

Sheria ya ukumbi wake ilikuwa moja: hakuna kitu kitakachotoka kabatini kwa ajili ya mtu mmoja. Ukija peke yako kuomba ubao wa drafti, raketi za tenisi ya meza au mpira wa kikapu, alikukaribisha kwa furaha, kisha akauliza, "Mko wangapi?" Ukisema uko peke yako, alikuonyesha benchi la mbao lililo chini ya dirisha. "Basi keti hapo. Mwenzako anakuja." Huyo mwenzako humjui, na Madam pia hamjui. Unaketi tu. Baada ya muda anaingia mwingine aliye peke yake, naye anaulizwa, naye anaonyeshwa benchi, na hapo ndipo daftari linafunguliwa na majina mawili kuandikwa.

Hata gazeti lilikuwa la watu wawili. Mmoja alichukua kurasa za michezo, mwingine za habari, kisha mkabadilishana na kubishana. Aliyetaka kulisoma lote kwa amani alipata shida sana.

Wengi walinung'unika. "Niaje Mathe, si unipee tu hiyo raketi nipige ukutani, bana," walimwambia, wakimwita Mathe, yaani mama. Alikuwa akiwajibu kwamba ukuta haujawahi kumtembelea mtu hospitalini.

Kiongozi mmoja wa wanafunzi alikasirika hadi akaandika barua rasmi ya malalamiko. Mkuu wa Wanafunzi wa wakati huo akaja mwenyewe kuchunguza, tai shingoni, akaomba drafti. Akaulizwa wako wangapi. Mzee wa watu akaketi benchini dakika arobaini, hadi alipoingia msichana wa mwaka wa kwanza aitwaye Chepkirui, ambaye tangu afike chuoni hakuwa amezungumza na mtu yeyote isipokuwa mpishi wa mesi. Chepkirui alimla Mkuu vizibo vyote mara tatu mfululizo. Barua ile ikaingia kwenye faili na haijatoka hadi leo.

Wakati wa uchaguzi wa wanafunzi hakuruhusu mgombea yeyote kubandika bango ukumbini mpaka aje na mpinzani wake, mmoja akishika bango na mwingine akipaka gundi. Tumeona mahasimu wakubwa wakishikiana ngazi kwa hasira. Wawili kati yao walioana baadaye, ingawa sina hakika kama tumpongeze Madam kwa hilo au tumlaumu.

Mimi ni mmoja wa watu wa benchi lile. Nilizaliwa hapa Kitale, na nilikuwa nikija chuoni kwa miguu kutoka nyumbani. Watu hudhani mwanafunzi mwenyeji ndiye mwenye raha. Ukweli ni kwamba saa kumi na moja wenzako wanaelekea mesi na mabwenini, ambako urafiki wote unatengenezwa, na wewe unaelekea kwenu na begi lako. Nilimaliza muhula mzima bila mtu wa kuniita kwa jina. Kisha vurugu za baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, zikatokea, na chuo kilipofunguliwa tena kila mtu alikaa na watu wa lugha yake. Jina langu ni Muchiri, jina la Kikuyu. Sikuwa na wa kukaa naye.

Siku moja mwezi wa Aprili niliingia ukumbini, nikaulizwa, nikaketi. Akaingia kijana mrefu kutoka upande wa mlimani, Mkalenjini aitwaye Kiptum, naye akaulizwa, akaketi mwisho mwingine wa benchi. Hatukutazamana kwa karibu saa nzima. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akingoja mwenzake aondoke. Madam Wilkista alikuja, akaweka ubao katikati yetu, akasema, "Dirisha zangu ni chafu," akatoka nje na ndoo. Alisugua dirisha moja hilo hilo mpaka tulipoanza kucheza. Miaka sita baadaye Kiptum alisimama kando yangu kanisani siku ya harusi yangu, na hadi leo hajakubali kwamba alishindwa mchezo ule wa kwanza.

Nikisema vyama vingi vya wanafunzi wa chuo hiki vilianzia kwenye daftari lile, sitii chumvi. Waigizaji walianzia pale, wakimbiaji wa asubuhi pia, na wale wanaochangia damu kila muhula. Ndani ya mlango wa kabati lake amebandika kadi za harusi za waliokutana benchini. Nilizihesabu wiki hii, zikawa kumi na tisa. Nilimuuliza alihudhuria ngapi. Alisema mbili. Nyingine zililetwa harusi ikiwa imeshapita, kwa heshima tu, ili ajue.

Kisha simu zikaingia. Wanafunzi wa siku hizi wana makundi ya kila aina ndani ya simu, ya darasa, ya bweni, ya kaunti, na wanacheza na watu walio mbali ambao hawajawahi kuwaona. Baada ya korona, ukumbi ulianza kukaa siku nzima bila mtu. Chuo chenye wanafunzi zaidi ya elfu ishirini, na benchi tupu. Madam alifungua saa mbili asubuhi, akafuta vumbi kwenye ubao ambao haukuguswa jana yake, akangoja.

Mwaka 2022, muhula wa kwanza, alikuja msichana kutoka Kapsokwony, jina lake Jerop. Aliomba drafti, akaulizwa, akaketi. Hakuna aliyekuja. Siku ya pili vivyo hivyo, na siku ya tatu. Siku ya nne Jerop hakuonekana, na Madam alifurahi sana. Alituambia wakati wa chai, sisi wa Idara ya Masuala ya Wanafunzi ninakofanya kazi sasa, kwamba yule mtoto hatimaye amepata mwenzake, ndiyo maana haji tena. Alifurahi kwa wiki mbili nzima. Kisha mlezi wa bweni akamwambia Jerop alishafunga sanduku na kurudi kwao.

Jumamosi hiyo Madam alipanda hadi Kapsokwony. Barabara ya huko ni mwinuko mtupu, na mvua ilikuwa imenyesha. Bodaboda ilimwangusha mara mbili, na mara ya tatu akaamua kutembea huku akimbebea dereva kofia yake. Alipofika akamkuta Jerop na nyanya yake shambani wakipalilia viazi. Walimpokea vizuri, wakampa maziwa. Alimsihi Jerop arudi, na Jerop akamjibu kwa adabu, "Asante kwa kuja, Mathe. Lakini nilikaa pale siku tatu, ukanicheki tu. Si hata ungecheza na mimi?"

Jerop hakurudi chuoni. Madam alirudi peke yake, na Jumatatu yake aliifuta sheria aliyoishi nayo miaka ishirini na minne. Tangu siku hiyo, aliyekuja peke yake alicheza na yeye. Ila kufikia hapo hata hao wa peke yao walikuwa wachache. Amekuwa akiupanga ubao asubuhi, vizibo vyeusi upande mmoja na vyekundu upande wa pili, na jioni anaupangua vilevile ulivyokuwa. Mimi nilipita nje ya dirisha lile mara ngapi? Nilimpungia mkono nikiwa na faili kwapani. Nilikuwa na mkutano. Mimi daima nina mkutano.

Mumewe, marehemu Wamalwa, alifariki mwaka 2014. Hawakujaliwa mtoto, na ndugu zake Madam wote wametangulia. Idara yetu ilikwenda Bungoma kwenye mazishi na basi zima la chuo. Tulitoa rambirambi, tukaimba, tukala, na saa tisa alasiri tukawa tumeshapanda basi kwa sababu dereva aliogopa mvua. Hatukurudi tena kwenye nyumba ile. Nasema hatukurudi ili nisijitaje peke yangu.

Wiki tatu zilizopita alikuja mezani kwangu kujaza fomu ya kustaafu. Alijaza upesi, kwa mwandiko wake ule wa kusimama wima, hadi pale wanapotaka jina na simu ya mtu wa karibu wa kuitwa likitokea jambo. Hapo aliandika, "Ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi," pamoja na namba ya simu iliyo hapa juu ya meza yangu. Anaijua kwa moyo. Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikamwambia, "Madam, hapa wanataka mtu, si ofisi." Hakucheka. Alikata maneno yale kwa mstari mmoja. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani ni lazima?"

Aliondoka nayo ili akafikirie. Siku hiyo nilitaka kumpigia simu, nikagundua sina namba yake. Nikauliza ofisi nzima, watu arobaini na mmoja, na hakuna aliyekuwa nayo. Yeye hutumia kabambe, ile simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti, kwa hiyo hayumo kwenye kundi letu la WhatsApp, na sisi tulikuwa tumezoea kwamba ukimtaka Madam, yuko ukumbini. Niliona aibu ambayo siwezi kuipamba kwa maneno.

Jumatatu iliyopita aliirudisha fomu. Nafasi ile ilikuwa tupu. Nikamwomba aandike jina langu. Akakataa. "Wewe una bibi na watoto, Muchiri. Mimi sitaki kuwa mzigo ya mtu," alisema. "Halafu wanauliza pia uhusiano. Nitaandika nini hapo? Ati ulikuwa mwanafunzi?" Akanipigapiga begani kama mtu anayembembeleza mwingine, akarudi zake ukumbini.

Madam Wilkista, Idara ya Masuala ya Wanafunzi inakushukuru kwa kazi uliyoifanya bila kukosa siku hata moja, isipokuwa zile nne za kumzika mzee wako. Wanafunzi wako, walioko kazini Nairobi, Eldoret na hata ng'ambo, wametuma salamu nyingi kuliko tunavyoweza kuzichapa hapa. Mwenyezi Mungu akupe afya, mahindi yako huko Bungoma yakomae vizuri na majirani wako wawe wema. Tunakutakia maisha mema.

Hayo ndiyo maneno tunayomwambia kila mstaafu. Halafu tunakunywa soda, tunapiga picha, na hatumwoni tena mpaka tuitwe kwenye matanga yake. Mimi safari hii sitaki yaishie hapo. Jumamosi tarehe 6 Septemba, saa nne asubuhi, nitakuwa mlangoni kwako Bungoma, nyuma ya kanisa la Friends. Mke wangu amesema anakuja na kuku, na watoto wamesema wanakuja kumfukuza huyo kuku. Fomu nitakuwa nayo mfukoni, kwa kuwa ofisi ya wafanyakazi imetupa muda hadi mwisho wa mwezi huo. Ukikataa, nitarudi Jumamosi itakayofuata. Nimeshazungumza na mama yangu mzazi kuhusu jambo hili, naye amesema mama wa pili hajawahi kumdhuru mtu. Basi pale wanapouliza uhusiano, Madam, usihangaike tena. Andika: mwanangu.