Upande wa Pili wa Barua

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Kaa karibu na redio yako. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hukuwahi kumsikia, ingawa huenda umbo lake umeliona mara nyingi. Ile sanamu ya jiwe mbele ya maktaba kuu, ya mwanamke aliyeinama, mgongo umejikunja, mikono iko mbele kama anasukuma kitu. Wengi hudhani anafua. Hafui. Anashona. Na aliyekuwa akishona ni yeye tunayemkumbuka leo, dada wa mchongaji wa sanamu hiyo.

Alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, na haikuwa kwa sababu ya kazi peke yake. Ulimi wake nao ulichoma. Mteja akimletea kitambaa kidogo na kutaka gauni refu, Bi Sindano alimtazama juu mpaka chini. "Mama, hapa nitakushonea leso. Gauni kalitafute kwingine." Watu walicheka, wakarudi kesho yake na kitambaa cha kutosha.

Wazazi wao walifariki mapema. Bi Sindano ndiye aliyemlea mdogo wake, kwa cherehani hiyohiyo. Mdogo wake alikaa sakafuni, akichonga vipande vya sabuni kwa kisu cha jikoni. Dada alimgombeza kwa kuharibu sabuni, kisha alivipanga vile vinyago dirishani ili wapita njia wavione.

Kijana alipokua, akaenda nchi ya mbali. Akapata kazi katika karakana ya kukata mawe. Mchana alikata mawe ya watu. Muda wake mwenyewe alichonga ya kwake. Na kila alipopata nafasi, alimwandikia dada yake.

Sasa sikiliza vizuri hapa, msikilizaji, maana kisa chote kiko hapa. Karatasi alizotumia zilikuwa zile alizochorea kazi zake. Upande mmoja kuna mchoro: mkono, shingo, bega la mtu. Anageuza, upande wa pili anamwandikia dada. Upande mmoja mchoro, upande wa pili maneno. Barua zote zilikuwa hivyo.

Alimwandikia nini? Mambo ya kawaida tu. Kikohozi chako kimepungua? Viatu nilivyokutumia vinakubana? Mwanao bado mtundu?

Mchongaji akapata jina. Sanamu zake zikanunuliwa na watu wakubwa. Lakini vumbi la mawe lilikuwa limeshamwingia mapafuni. Akafa hukohuko, akazikwa hukohuko. Dada hakuliona kaburi. Hakuwahi kuliona mpaka naye anaondoka duniani. Alichobaki nacho ni zile barua. Alizitia katika droo ya cherehani, akawa anazitoa anapotaka kuongea na mdogo wake. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, kuongea. Hakusema kusoma.

Miaka ikaenda. Bi Sindano akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Alilazwa muda mrefu, na huko hospitali homa ikampanda mpaka akawa hawatambui watu. Nyumbani alibaki mwanawe wa pekee, fundi umeme.

Siku moja akagonga mlango bwana mmoja mtanashati, mkusanyaji wa kazi za sanaa. Si mtu mbaya, wasikilizaji. Alizipenda kazi za mchongaji kwa dhati. Alikuwa amesikia kwamba kuna barua.

"Zitatunzwa," alimwambia fundi umeme. "Hapa zitaliwa na mchwa."

Fundi umeme akatazama juu. Paa lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha, kitanda cha mama yake kilihamishwa kila pembe ya chumba. Akawaza, mama atarudi na nyonga mbovu alale wapi? Akakubali kuziuza.

Bi Sindano akaruhusiwa. Alipoingia kwa magongo alisimama katikati ya chumba, akatazama bati jipya linavyong'aa. Akamshika mwanawe mkono. "Mungu akubariki, baba." Kisha akajivuta mpaka kwenye cherehani, akafungua droo.

"Barua za mjomba wako ziko wapi?"

"Mama, tazama paa. Halivuji tena."

"Paa nimeliona. Nimekuuliza barua."

Fundi umeme alituambia, "Nikaendelea kutazama paa. Akaelewa. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele."

Wasikilizaji wapendwa, Bi Sindano alipiga moyo konde. Alivaa gauni lake la kutokea, akamshika mwanawe mkono, wakaenda nyumbani kwa mkusanyaji. Kulikuwa na ukumbi mpana, taa nzuri, na wageni waliokuja kutazama. Ukutani zilitundikwa fremu za vioo, safu kwa safu. Ndani yake ile mikono, zile shingo, yale mabega. Na mgongo wake mwenyewe, umeinama.

Akasimama mbele ya barua ya mwisho, ile mdogo wake aliyomwandikia akiwa mgonjwa kitandani. Mchoro wake ni kiganja kilichofunguka. Akakitazama mpaka mgeni mmoja akamgusa bega.

"Samahani mama, unatuzibia picha."

Akasogea. 

Mkusanyaji alipokuja kumsalimia, alimwomba jambo moja tu.

"Mwanangu, naomba unigeuzie hii."

"Kuigeuza, mama?"

"Upande huu ukae nao wewe, umeununua. Mimi nataka kusoma upande wa pili. Kuna sentensi moja imenitoka."

Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya mambo mengi. Barua ile aliikumbuka karibu yote. Alikumbuka jinsi mdogo wake alivyouliza habari za kikohozi cha dada, na hali anayekufa ni yeye. Mwishoni aliandika, "Dada, usinililie sana, kwa sababu..." Hapo ndipo palipofutika. Kwa sababu gani? Alikuwa hakumbuki.

Mkusanyaji hakusita. Akamwita fundi wake wa fremu. Fremu ikashushwa, kioo kikatolewa. Fundi akapitisha kidole pembeni mwa karatasi, akamtazama bosi wake.

"Bosi, hii haibanduki. Zote tulizigandisha kwenye ubao kwa gundi, zisikunjamane."

Wakajaribu kwa mvuke. Wakajaribu kwa kisu chembamba. Pembe moja ikanyanyuka, na chini yake pakaonekana wino uliovuja, bluu tupu, bila hata herufi moja. Mchoro nao ukaanza kupasuka.

"Basi," Bi Sindano akasema. "Acheni. Mtamharibia kazi yake."

Mkusanyaji alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Sikujua kama nyuma kulikuwa na kitu cha kutunza."

"Kulikuwa na mtu," akajibu.

Mkusanyaji alimwambia aondoke na ile fremu. Akakataa. Akasema hana mahali pa kuutundika ubao.

Toka siku hiyo hakushona tena. Alikaa kitini akikumbuka barua kwa sauti, mwanawe akiziandika. Hii ya viatu. Hii ya baridi. Wakifika ile ya mwisho wanakwama palepale. "Usinililie sana, kwa sababu..." Anafumba macho, anatafuta. Fundi umeme alijaribu kumsaidia. "Labda alisema, kwa sababu tutaonana?" Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Mdogo wangu hakuwa na maneno ya kwenye kadi."

Bi Sindano alifariki wiki iliyopita, wasikilizaji. Alifariki katika chumba chake, mwanawe akiwa pembeni.

Tulimuuliza fundi umeme kama mama yake alimsamehe. Akasema maneno haya. "Alinisamehe, tena zaidi ya mara moja. Alisema paa lile ni la mapenzi, analijua. Lakini siku za mwisho akawa ananiuliza, 'Wewe ulizishika. Ulipokuwa unazifunga kamba, hukuona pale mwisho aliandika nini?' Na mimi nilizishika, kweli. Moja baada ya moja. Mimi ndiye mtu wa mwisho wa nyumba yetu kuzishika zikiwa wazi. Nilitazama michoro tu. Sikuzigeuza."

Kwako fundi umeme, na kwa majirani wote waliovaa nguo zilizopita mikononi mwa Bi Sindano, kutoka hapa studio tunasema poleni sana. Mola amlaze pema.

Nawe unayetusikiliza, kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyetunza barua, kaa naye. Mwombe akusomee. Usimkatize, na usiondoke kabla hajafika mwisho.