Watu Wema wa Jumapili

Katika treni ya Denver, Rosalva Trujillo alimsikia kijana akimpangia mchumba wake starehe: leo besiboli, kesho kupanda mlima, Jumapili kuonja bia kiwandani.

"Mwanangu, hicho kiwanda tumekigomea," akadakia. "Tulidai viti vya kupumzikia, wakatufukuza. Mkiingia, mmetuzika."

"Pole sana, mama!" Kijana alihuzunika kweli, kama wanavyohuzunika wenye tiketi mfukoni. "Tuko upande wenu. Tutawapigia makofi kwanza, ndipo tuingie."

Rosalva alikumbuka mgomo wa baba yake. Nao ulivunjwa na watu wema.

"Au tupitie mlango wa nyuma," mchumba akanong'ona, "tusiwaudhi."

Treni ikasimama. Rosalva akainuka na bango lake la mgomo. "Wa nyuma, binti, nalinda mimi."