Nguma Jefwa, Mkalimani Aliyeandikwa Mlevi

Nani atanipokea zamu? Swali hilo marehemu baba yetu, Nguma Jefwa, aliliuliza kwa Kiingereza chake kilichonyooka, saa nne asubuhi, Jumanne tarehe 14 Juni 1960, mbele ya afisa mmoja wa bandarini, naye afisa akaendelea kuchonga penseli yake.

Mchungaji, wazee, mama zangu, majirani wa Mtopanga, shikamooni. Mimi ni Milcah, binti yake wa pili, na ingawa kusoma historia huwa ni kazi ya wanaume, familia imenipa karatasi kwa kuwa, wanasema, chuoni nimesomea kubishana.

Marehemu alizaliwa Rabai mwaka 1909, mtoto wa tatu wa mzee Jefwa na mama Nyevu, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na mwaka 1927 akapata kazi ya jikoni katika meli ambayo mabaharia wake karibu wote walikuwa Wachina wa Hong Kong, na kwa kuwa mpishi mkuu hakujua lugha nyingine, baba alijifunza Kichina kwa miaka kumi na mmoja, kwanza kwa tumbo, kisha kwa akili.

Alirudi Mombasa mwaka 1938, akafunga ndoa na mama yetu, Florence, tarehe 3 Desemba mwaka huo huo, wakajaliwa watoto wanne, akawa karani wa ghala bandarini, na kuanzia 1951 kila baharia wa Kichina alipopata shida, aliyeitwa ni yeye, peke yake. Vijana wa hapa walimwita Mzee Mchina, wakimuuliza leo amekula chura wa kukaanga ama wa nazi, naye akiwajibu kwamba wa nazi mama zao wameshammaliza.

Uzito wa kazi yenyewe hakuna aliyeuona, maana sikio lapokea sentensi ya pili na ulimi haujamaliza ya kwanza, na Kichina, alituambia, ukikosea kupandisha sauti umesema jambo jingine kabisa. Akirudi nyumbani nilimwamkia, naye akaniangalia mdomo muda mrefu kama anayengoja zamu yake, ndipo aitikie marahaba, na mama akatukataza kumsemesha mpaka amalize chai.

Juni hiyo baharia mmoja alianguka ndani ya ngama, lile shimo la shehena melini, akafa, likaketi baraza la uchunguzi, mashahidi kumi na wanne, mkalimani mmoja, amesimama kwa muda wa saa saba kila siku, na aliyesimama mlangoni kama tarishi ni ndugu yake, baba mdogo Kalama, ambaye leo asubuhi ameniomba niuruke ukurasa huu. Shikamoo baba mdogo, siuruki.

Alhamisi, siku ya tatu, saa tisa alasiri, marehemu alimgeukia yule afisa wa penseli akamwambia kwa Kichina, akamgeukia shahidi akamwambia kwa Kiingereza, wala hakujua, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Afisa hakucheka, aliandika kwamba mkalimani amelewa. Mzee wa kanisa, mtu ambaye hata tembo la harusi alilipitisha kwa jirani bila kuligusa! Ushahidi ukatupwa, baharia aliyekufa akaandikwa kwamba alijiangusha, baba akafukuzwa kazi, na kanisa, nasema mbele yenu, likamweka nje ya uzee hadi uchunguzi ukamilike, nao haukuanza.

Presha ilimshika mwaka 1961, akapooza upande wa kulia Machi 1962, lugha zote zikamtoka, akafariki Jumapili tarehe 8 Septemba 1963, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa heshima, majirani waliotuchotea maji, na wale makarani wanne waliothubutu kuja kumtazama. Baba, lala, hakuna tena wa kukuita.

Desemba bendera itabadilishwa, na makabati ya bandarini yatarithiwa na watu wetu pamoja na neno lile ndani yake, nami nimeandika barua ya kuomba lifutwe, inakosa shahidi tu. Baba mdogo Kalama, wewe ndiwe uliyejaza gilasi yake siku zote tatu. Kalamu hii hapa, tafadhali njoo uandike kwamba yalikuwa maji.