Ndoo Niliyochota Mimi na Matroni Aliyekataa Kusaini

Bi. Ethel Nampunju, matroni wa bweni la wasichana hapa Newala, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Sisi tunamwita Mama Cuthbert.

Kazi yake ngumu ilikuwa maji. Kila baada ya mlo alipanda stuli, akapima kwa ufito maji ya mgawo ndani ya simtanki. Yakipungua, alijua yameibwa kati ya mlo upi na upi, na mwizi alijulikana siku hiyohiyo. Hakuchapa mtu. Alimkabidhi ndoo, wakashuka wote mpaka chemchemi ya bondeni, yeye nyuma akichekesha: “Twende, mwanangu. Maji haya matamu, ila yana mlima!” Nani angeiba tena?

Darasani tunasoma kwa Kiingereza kwamba adhabu huzuia kosa kwa ukali, kwa uhakika na kwa kuja upesi. Mwaka jana kamati ya nidhamu ikachagua ukali peke yake. Ufito ukatupwa, tangazo likabandikwa: mwizi wa maji atafukuzwa shule. Tukaiba zaidi kuliko zamani! Kwa nini tusiibe, wakati hakuna aliyepima?

Mwezi Machi ndoo ya mwenzetu Loveness ilikutwa imejaa maji ya simtanki. Akafukuzwa. Mama Cuthbert alikataa kusaini barua. “Mmemwona akichota, au mmeona ndoo?” Akajibiwa kwamba amezeeka, ana huruma za bibi.

Sasa kamati hiyohiyo imeniagiza niandike katika risala hii ya kumuaga kwamba alikuwa “mpole kupita kiasi”. Siandiki. Mtu aliyekamata kila mwizi kwa miaka yote hiyo ndiye mpole?

Mimi ni mtu wa aibu, hata mstarini sauti hainitoki, ndiyo maana risala hii anaisoma mwenzangu. Lakini ndoo ile niliiazima mimi, na maji niliyachota mimi, mchana, wenzangu wakiwa darasani. Loveness hakujua hata kwamba nimeiazima. Walipouliza nani, nilinyamaza. Ingekuwa ni kushuka bondeni, ningenyoosha mkono palepale. Tangazo lao halikunizuia kuiba. Lilinizuia kusema.

Juzi nilimweleza Mama Cuthbert. Hakunigombeza. Alisema tu, “Loveness yuko Nanganga anapalilia mikorosho ya watu. Wewe uko darasani.”

Asante, Mama, kwa kututunza. Tunakuombea huko kwenu Lupaso upumzike vizuri, uzungukwe na wajukuu.

Nanyi wa kamati, mwandikieni Loveness barua ya kurudi leo. Jina langu ni Shamila Halfani, Kidato cha Tatu B. Nimekaa hapa ukumbini, safu ya pili.