Mama Albertine na Swali la Chuma

Miaka thelathini na minne ya kazi inafika mwisho tarehe 31 Oktoba 2025. Siku hiyo Mama Albertine Lombe atatundika koti lake jeupe katika idara ya picha ya hospitali yetu, hapa Lubumbashi, na hatalivaa tena.

Alianza mwaka 1991 katika chumba cha giza, akisafisha filamu za eksirei na kuzianika kwenye kamba kama nguo. Mashine ya sumaku, IRM, ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuizoea. Na madaktari walipoanza kuitumia kuongoza mrija mwembamba ndani ya mishipa ya damu, kwa wagonjwa ambao figo zao hazivumilii dawa ya eksirei, yeye ndiye aliyekaa mbele ya skrini na kumwambia daktari ncha ya mrija imefika wapi. Wagonjwa sitini na mmoja. Wote walirudi nyumbani.

Kikapu chake cha mlangoni, cha kuachia vyuma kabla ya kuingia kwenye sumaku, mnakijua. Kilibeba samaki wa Kasenga kabla ya kubeba mikanda yetu, funguo na vibanio vya nywele. Padre aliweka msalaba wake humo, ukanuka samaki wa mto Luapula hadi Jumapili.

Baada ya kikapu lilikuja swali, kwa kila mtu: "Papa, ulishakata chuma? Ata mara moya?"

Februari 2023, katika jarida hili hili, mimi wa maabara niliandika kwamba swali hilo ni dharau kwa watu wa migodi na reli. Nilimwita "Polisi wa Vifungo". Mlicheka. Jina likamfuata kwenye korido hadi leo.

Miezi mitano baadaye nilimleta baba yangu, mshipa wa mguu umeziba na figo zake ni dhaifu. Mama Albertine akauliza swali lake. Nikajibu mimi: hapana, alikuwa karani wa reli. Karani! Mimi ninayepiga kelele kila mwezi juu ya heshima ya mfanyakazi, nilimwonea haya baba yangu mbele ya wenzangu. Mama Albertine aliandika "Hapana", kisha akainama kwenye kiti cha magurudumu, akamuuliza mwenyewe.

"Karani gani?" baba akacheka. "Miye nilikuwa nakata chuma ku atelier ya reli, mama! Kipande kimoya iko mu jicho mpaka leo."

Sumaku ingeweza kukivuta kipande hicho na kulipasua jicho. Daktari wa macho alikitoa kwanza. Wiki tatu baadaye mrija ukapita salama. Kwenye fomu, Mama Albertine alifuta "Hapana" kwa mstari mmoja, akaandika "Ndiyo". Hakuandika nani alidanganya. Hakumwambia mtu. Nami, mwenye kalamu kali kuliko wote hapa, nilinyamaza miaka miwili, nikaliacha jina lile litembee.

Leo ninalifuta, kwa mstari mmoja, pale pale nilipoliandika. Atakayelitumia kesho aje anikute maabara.

Asante, Mama Albertine. Pumzika kwako Kampemba kwa afya njema, na nyumba yako ijae amani. Kikapu tutakiacha mlangoni. Baba yangu atakuja kwenye sherehe ya kukuaga kwa miguu yake mwenyewe, na ameniagiza niandike kazi yake sawasawa: Chishimba Kasonde, fundi wa kukata chuma.